Sentimita Kumi na Tano

Mimi ni fundi seremala, na katika miaka arobaini ya kazi hakuna aliyewahi kunirudishia meza kwa sababu inayumba. Viti nimerudishiwa, sikatai. Binadamu wana makalio ya kila namna. Mlango mmoja nilirudishiwa umepinda, lakini ile ilikuwa mvua. Meza, hapana. Meza yangu ukiiweka chini imekaa, na ukipitisha kidole ukingoni utajua aliyeshika randa hakuwa na haraka. Wenzangu huviringisha kingo kwa msasa ili kuficha viungo vibaya. Mimi kingo zangu nilizikata mraba, kavu, kali kama za tofali jipya. Nilijisifia jambo hilo mbele za watu mpaka mke wangu akawa ananikanyaga mguu chini ya meza.

Kwa hiyo binti yangu alipoanza kuugua mkono, niliwaza kila kitu. Niliwaza baridi, niliwaza damu, niliwaza hata jicho la watu. Meza sikuiwaza.

Binti yangu tunamwita Punje. Alizaliwa kabla ya miezi kutimia, mdogo mpaka nesi akampima mara mbili, na jina la kwenye cheti likabaki kwenye cheti. Kazi yake ni kuandika kumbukumbu za mahakama. Kesi zinarekodiwa, yeye anavaa vile vya masikioni, anasikiliza, anaandika kila neno: la hakimu, la wakili, na la shahidi anayekohoa katikati ya kiapo. Anafanyia nyumbani kwake, kwenye chumba kidogo kilichokuwa stoo, maana mahakamani hakuna nafasi ya waandishi. Miaka kumi na minane sasa. Vidole vyake vilikwenda kasi kuliko mdomo wa mama yake, na mama yake hajawahi kuchelewa kusema. Kazi hiyo aliipenda. Akija kututembelea hamalizi kikombe cha chai kabla hajatusimulia namna mtu fulani alivyodanganya mbele ya hakimu, bila kutaja jina, na tunacheka mpaka machozi.

Kwanza kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilikufa ganzi. Akasema amekilalia. Kisha ganzi ikahamia kidole cha pete, ikapanda mpaka kiwiko, naye kimya. Mwaka mzima. Mtoto huyu ni mvumilivu wa kijinga, na sasa najua nani alimfundisha. Kilichomfichua ni kazi yenyewe. Karani wa mahakama alimrudishia kurasa za kesi ya shamba zimejaa mapengo, kwa sababu kidole kidogo cha kushoto ndicho kinachobonyeza herufi a, na katika lugha yetu hebu jaribu kutoa ushahidi bila a. Baba hayumo, mama hayumo, shamba lenyewe limepungua. Karani akadhani kibodi imeharibika, akamletea mpya. Ile mpya nayo ikaharibika siku hiyohiyo. Hapo ndipo Punje alipokubali kwenda hospitali.

Daktari alimshika mkono, akaugeuza, akatuonyesha bonde kati ya kidole gumba na cha shahada. Nyama ilikuwa imekwisha pale. Akasema kuna mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko, umebanwa kwa miaka mingi, na unapobanwa sana vidole havipati habari kutoka kichwani. Alimpasua kuulegeza. Baada ya hapo alituketisha, mimi na mama yake na Punje, akasema wazi kuwa upasuaji umezuia usiendelee kuharibika. Kile kilichokwisha kufa hawezi kuahidi. Mama yake akauliza maana yake nini hawezi kuahidi. Daktari akarudia maneno yaleyale, polepole zaidi.

Mahakama ilimpa miezi mitatu. Barua ilikuwa ya heshima: apumzike, atibiwe, kisha Jumatatu fulani karani atakuja nyumbani kumpima kasi kwa dakika kumi. Akifikia kiwango, anaendelea. Asipofikia, watatafuta mwandishi mwingine. Sikuona ubaya ndani ya ile barua, na hilo ndilo lililonikera. Kesi za watu haziwezi kungoja kidole.

Miezi miwili ilipita akiminya dongo laini mbele ya mwanamke mmoja wa hospitali tuliyemwita mama wa mazoezi. Mama huyu ndiye aliyempa karatasi. Alimwambia kwamba akirudi kukaa alivyokuwa anakaa, hata kisu cha daktari kitakuwa kazi bure, kwa hiyo kabla ya yote apange upya mahali pake pa kazi. Kwenye karatasi kulikuwa na mchoro wa mtu ameketi. Nyayo zote mbili zimekanyaga sakafu. Magoti yamekunjwa mraba. Mgongo umeegemea, mabega yameshuka, viwiko viko ubavuni, usawa mmoja na ubao wa meza. Macho yanatazama sehemu ya juu ya skrini. Na kila nusu saa mtu huyo asimame anyooke.

Punje aliniletea karatasi hiyo karakana. Niliisoma, nikacheka. Nikamwambia kumbe watu wanakwenda shule miaka yote hiyo wakajifunze kuchora pembe mraba, ambazo mimi nazikata macho yamefumba. Nikamwambia hiyo si dawa, hiyo ni useremala, aniachie. Niseme ukweli, nilifurahi. Miezi yote ile nilikuwa nimekaa kwenye mabenchi ya hospitali na mikono yangu mikubwa haina kazi, na sasa kimepatikana kitu cha kupimwa na kukatwa. Nikajiambia kuwa akikaa vizuri, mkono utarudi. Hakuna aliyenieleza hivyo. Daktari hakusema, mama wa mazoezi hakusema. Niliyatunga mwenyewe, kisha nikayaamini.

"Jumatatu utakaa kama hakimu mwenyewe," nilimwambia.

Lawama zote nilizitupia kiti chake. Kilikuwa kiti cha plastiki chenye mito miwili juu, na nilikuwa nimekidharau tangu siku ya kwanza. Nilimtengenezea kipya, cha kimo chake hasa: nyayo zifike chini, mgongo upate pa kuegemea, mbele nikakipunguza kidogo kisimkate nyuma ya magoti. Nikatengeneza na kijukwaa cha kupandishia skrini. Jumamosi asubuhi, siku mbili kabla ya karani, nikabeba vyote mpaka kwake. Mama yake akaja nami, maana alisema mimi nikiachwa peke yangu na kazi yangu huwa sisikii la mtu.

Meza iliyokuwa mle chumbani ni ya kwangu. Niliitengeneza kwa mbao ngumu ya msaji alipofaulu mtihani wa darasa la saba, na alipoolewa aliondoka nayo. Mumewe alitaka kumnunulia ya kisasa, yenye vyuma, Punje akakataa, akasema ana meza ya baba yake. Maneno hayo nimeyasimulia kwenye harusi na misiba. Kila nikienda kwake nilikuwa napitisha kiganja juu ya ubao wake, nakuta umefutwa, unang'aa, nafurahi, narudi nyumbani.

Nilitoa mito, nikaondoa kiti cha plastiki, nikaweka changu. Chini ya meza kulikuwa na ndoo ya rangi iliyopinduliwa, ya kuwekea miguu. Nikaisukuma pembeni kwa mguu, nikimtania kwamba hata kuku wangeona aibu kutagia pale. Punje akaketi. Nyayo zikafika sakafuni, mgongo ukaegemea. Nikageuka kumtazama mama yake ili anisifu, nikamwona hatazami kiti. Anatazama meza. Ubao wa meza ulikuwa umemfikia binti yetu karibu na kwapa.

Nikasema kiti kimekuwa kifupi, nitakiongeza. Nikaweka mto mmoja, nikaweka na wa pili, nikamwambia asogee. Hakuweza kusogea. Chini ya ubao kuna droo pana, droo niliyoitengeneza kwa wiki nzima, na mapaja yake yaligota pale. Akishuka, meza inamfika kwapani. Akipanda, droo inamzuia. Ikabidi akae nusunusu, mbali kidogo na meza, ajiegemeze kwa kiwiko cha kushoto ukingoni ndipo mkono wa kulia ufikie kibodi. Alikaa hivyo bila kuambiwa. Mwili ulikwenda wenyewe mahali ulipozoea.

Nikachomoa futi. Kutoka sakafuni mpaka kiwiko chake: sitini na moja. Kutoka sakafuni mpaka juu ya meza: sabini na sita. Nikapima tena. Nikasema futi hii imevutika, nikachukua rula ya mbao ya kukunja mfukoni. Sitini na moja, sabini na sita.

Basi nikakasirika, maana mimi nikishikwa na hofu hukasirika. Nikasema droo ndiyo mbaya, itoke. Nikaivuta kwa nguvu. Ndani yake kulikuwa na taulo dogo kuukuu, limekunjwa mara nne, na lilikuwa na alama ya mkunjo katikati, alama kavu iliyonyooka, sawasawa na ukingo wangu. Nilielewa kabla sijauliza. Alikuwa analitandika ukingoni kuzuia kiwiko kisiumie, na nikija analificha kwenye droo ili ubao uonekane. Mama yake alilichukua taulo mkononi mwangu akalikunja upya. Alikuwa anajua siku zote.

Nikaipindua meza. Pale ambapo droo huwa inafunika, kulikuwa na mwandiko wangu wa penseli, kama siku ile nilipouandika. Punje. Darasa la saba. 76. Atakua.

Nyumbani kwetu hakuna mtoto aliyewahi kupewa kitu cha kumtosha. Sare ya shule ilikunjwa pindo mara tatu, viatu vilishindiliwa magazeti mbele, sweta lilifika magotini. Atakua. Ndivyo nilivyolelewa na ndivyo nilivyolea, na wala sikuwa peke yangu mtaani. Ila kiatu, mtoto hukua kikamtosha, au kinachakaa, mnamnunulia kingine. Meza ya msaji haichakai. Siku ile ya kuipima sikumpima yeye hata kidogo. Niliketi mimi, mama yake akapima kiwiko changu, kwa sababu sisi kwetu ni warefu, dada zangu wanaanika nguo bila kunyoosha mkono, na sikuona kwa nini mwanangu asiwe hivyo. Kumbe alifuata upande wa mama yake. Alifika begani kwa mama yake, akasimama hapohapo.

"Mbona hukuniambia?" nilimuuliza.

"Nilikuambia mara moja, baba."

Ni kweli. Nikaikumbuka siku yenyewe. Wageni walikuwa wamejaa sebuleni, meza imewekwa katikati, yeye ameketishwa kuionyesha, kidevu kinakaribia ubao. Akasema baba, ni ndefu. Nikasema utakua. Watu wakacheka, naye akacheka. Tangu hapo, alinieleza sasa, kila alipotaka kulisema tena alikuta mimi nimetangulia kumsimulia mtu jinsi anavyoipenda ile meza, akaacha. Wala hakusema kwa kunilaumu. Alikuwa ananipa pole, mtoto yule, na mkono wake wenye bonde umelala juu ya goti langu.

Mama yake aliliweka taulo begani. Alitoka akasimama uani. Nilitamani anitukane.

Kosa la fundi mwingine ningelijua tangu mlangoni. Nimewahi kuingia nyumba ya mtu nikamwambia kabati lake litaanguka kabla hajanikaribisha kiti. Chumba hiki nimeingia miaka kumi na minane, nimeona mito, nimeona ndoo, nimemwona mwanangu mabega yamemfika masikioni, na nilichokitazama ni mng'aro wa ubao. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu amekuja ananiita kwa jina.

Niliitoa meza uani, nikaweka alama kwenye miguu yote minne, nikaanza kukata kwa msumeno wa mkono. Sentimita kumi na tano. Msaji wa miaka ile ni mgumu, na mguu wa tatu ulinitoa jasho mpaka mkwe wangu akaja kuomba anipokee. Nikamkatalia. Vilipoanguka vipande vinne nikachukua randa nikaziviringisha kingo, upande wake wote, kisha msasa, mpaka ukingo ukawa laini kama kishikio cha mwiko. Sijawahi kufanya hivyo kwa meza yoyote. Droo sikuirudisha.

Tukaiingiza ndani. Punje akaketi. Nyayo chini, magoti mraba, mabega yameshuka, viwiko vimelala ubavuni usawa mmoja na ubao, macho juu ya skrini. Niliishika karatasi ya mama wa mazoezi nikalinganisha kitu kimoja kimoja, hakuna kilichokosekana. Nikaisukuma meza kwa kiganja. Haikuyumba.

"Baba," akasema, "nimekua."

Akacheka. Mama yake, ambaye alikuwa amerudi mlangoni, akacheka huku anajifuta macho kwa lile taulo, na mimi nikacheka. Nataka niseme kwamba wakati ule niliamini kabisa. Kama dakika moja hivi, mwanangu alikuwa amepona.

Kisha akavaa vya masikioni, akawasha kesi ya zamani, akaanza kuandika. Nilikuwa naujua mlio wa uandishi wake tangu zamani, mlio wa mvua juu ya bati. Sasa mkono wa kulia ulinyesha, wa kushoto ukadondoka. Kidole kidogo kilikuwa kinakwenda kwenye herufi yake, kinaigusa, hakina nguvu ya kuizamisha. Nikasogea nikatazama skrini. Mapengo yalikuwa palepale. Alifuta, akajaribu kusaidia kwa kidole cha shahada, kikavuka mkono mzima kwenda na kurudi, na sauti za masikioni zikamwacha nyuma. Alipofika nusu ukurasa aliuweka mkono mapajani akaufunika kwa mwingine. Akasema meza ni nzuri sana. Akasema kesho atajaribu tena.

Jumapili alijaribu kutwa nzima. Kila nusu saa alisimama akajinyoosha, kama karatasi ilivyotaka.

Jumatatu karani alikuja saa tatu, mtu mpole, na saa ya kupimia kasi mkononi. Mimi nilikuwa kwenye korido na bisibisi, najifanya natengeneza bawaba ambayo haikuwa na ubaya wowote. Nilimsikia akimwambia aanze. Nikasikia ile mvua ya upande mmoja. Nilikuwa nahesabu pamoja naye bila saa, na najua hazikutimia dakika kumi. Karani aliisimamisha saa mwenyewe, kabla, akasema basi, mama, inatosha. Akasema kurasa zake zilikuwa safi kuliko za wote, na kwamba hakimu atasikitika. Nikasikia waya zinachomolewa. Kibodi na vya masikioni ni mali ya mahakama.

Nilipoinua uso alikuwa anatoka navyo kwenye mfuko, akasita mlangoni, akageuka kuitazama ile meza. Akarudi akapitisha kiganja juu yake, kama wafanyavyo watu wote.

"Meza nzuri hii," akasema. "Kakutengenezea nani?"

"Baba yangu," Punje akajibu, na alilisema vilevile alivyolisema miaka yote, ameinua kidevu.

Karani akanisalimia kwa heshima akapita. Nikaigeukia bawaba. Nikakaza skrubu ambayo haikuwa imelegea.

Sasa ni mwezi wa tano tangu apasuliwe. Vidole viwili havijarudi, na mama wa mazoezi ameacha kusema bado mapema. Punje bado anaketi pale asubuhi kuminya lile dongo, nyayo chini, mgongo umeegemea, mbele yake ubao mtupu. Mama yule alipokuja kumwangalia alisema hajawahi kuona mtu aliyekaa vizuri namna ile. Kila Jumamosi nakwenda na kipande cha msasa, napiga magoti kando yake, nausugua ukingo ambao hauhitaji kusuguliwa. Yeye ananisogezea kiwiko nipite, ananiachia.